Kijiko Chenye Meno

Nyumbani kwetu Ikuti kuna kijiko kimoja
hakipewi mgeni.
Cha aluminiamu, shingo imepinda,
na mgongoni pana vijishimo vinne, vidogo,
kama nukta za mtu aliyekatishwa kuandika.

Ilikuwa Mei, mvua ya Rungwe isiyouliza saa.
Tusekile alikuwa na mwaka na miezi minne,
joto lake likipenya shati langu
kama pasi ya mkaa.
Tukamfunika. Blanketi, kitenge, koti langu la kazini,
tukidhani homa ni baridi iliyoingia mwilini
na baridi hutolewa kwa kufunikwa.
Kisha macho yakageuka kutazama ndani.
Mikono ikaanza kubisha, kubisha,
mlango tusiouona.

"Msilitaje jina," alisema mama,
akilitaja kwa kutazama darini.
Dege, kwake, ni ndege kweli:
hupita juu ya paa, kivuli kikimgusa mtoto, basi.
Akatuma mtu kwa Asangalwisye
mwenye kinyesi cha tembo kilichotoka Usangu kwa gunia,
mtoto afukizwe.
Na sindano? Mwiko. Sindano itammaliza.
Simcheki mama.
Alizika wawili kabla yangu
na hakuna aliyempa neno jingine la kuwazikia.

Mimi nilikuwa na kijiko.
Mtu aliwahi kuniambia, sikumbuki nani,
kwamba ulimi humezwa.
Nikapenyeza chuma kati ya meno mapya
niliyoyashangilia moja moja yalipochomoza.
Kitu kikalia.
Sikujua ni kijiko au ni jino.

Lusubilo ndiye aliyeninyang'anya mtoto.
Alimfunga kifuani, si mgongoni, apate kumwona,
tukapakizana kwenye pikipiki ya Gwamaka,
migomba ikitupiga mashavu
kama mashangazi wenye hasira.

Zahanati, muuguzi hakupaza sauti.
Mtoto alikwisha kutulia, mzito, usingizi wa jiwe.
Akamvua nguo moja baada ya nyingine, akamlaza ubavu,
akamtoboa kidole: malaria hamna. Sukari, ipo.
Akamulika koo, akamulika masikio.
"Hili hapa."
La kushoto. Usaha.
Dege lote lile,
kiota chake kilikuwa sikioni.

"Ilichukua dakika ngapi?"

Mimi ni karani wa mizani, shamba la chai.
Kutwa napima majani, kilo na robo, sikosei;
wachumaji wananiita Nukta.
Nikafungua mdomo, nikasema: "Usiku kucha."
Akaandika: *baba hajui*.

Tukarudi na chupa mbili, ya sikio na ya homa,
na maneno machache niliyoyabeba kama mayai:
ubavu. Mdomoni usitie kitu. Tazama saa.
Ikifika dakika tano, mbio, msimsubiri mtu;
dawa ya kulizima ipo,
na sindano, baba, haiui.

Likarudi Februari. Alisema huenda likarudi.
Nikamlaza ubavu juu ya mkeka,
nikafuta povu kwa kiganja,
kisha nikakaa na mikono mitupu.
Sijawahi kufanya kazi ngumu
kama ile ya kutofanya.
Mshale wa sekunde ulikuwa unapanda mlima.
Dakika mbili, sekunde kumi na moja.
Mama alisimama mlangoni na kigunia chake,
hakuingia.
"Ngapi?"
Nikamwambia.
Akairudia namba ile polepole,
kama anajifunza jina la mkwe.

Sasa Tusekile yuko darasa la kwanza.
Uji anaunywa kwa kijiko kile kile,
anakichagua mwenyewe kati ya vyote.
Jana aliweka kidole kwenye vijishimo.
"Nani alikiuma?"
Nilikuwa na jibu la panya, tayari, tangu zamani.
"Ni mimi," nikasema.
Akakipeleka dirishani penye mwanga,
akakitazama, akanitazama kinywa.
"Baba, mbona ulikuwa na meno madogo hivi?"